Sir Andy Chande wa Bukene: utajiri wake ulitoka wapi?

Wengi wenu mmewahi kuupata ujumbe ule. Namba usiyoijua, maneno machache yenye makosa ya herufi: jiunge na Freemason, upate gari, nyumba na mamilioni, piga namba hii. Wengi tunaufuta, lakini si wote. Msikilizaji mmoja, kijana anayefanya kazi kwenye maduara upande wa Geita, alitupigia baada ya kipindi kwisha. Alikuwa ameshatuma hela ya fomu, akatuma ya pete, na sasa anadaiwa ya kuapishwa. Hela yenyewe ilikuwa ya mpunga wa mama yake. Nilipomuuliza aliaminije, akanijibu: "Dada, si yule Mhindi tajiri, Chande, alikuwa humo? Sasa utajiri wake ulitoka wapi?"

Ni swali zuri, na jibu lake linaanzia jirani kabisa na sisi.

Ukipanda treni Shinyanga kuelekea Tabora, ukishapita Isaka utafika Bukene, kituo kidogo kilichoko wilaya ya Nzega. Hapo ndipo alipokulia Jayantilal Keshavji Chande, ambaye baadaye watu walimzoea kwa jina la Andy. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, lakini duka la familia lilikuwa Bukene, na yeye mwenyewe aliihesabu Bukene kuwa ndiyo mwanzo wake. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2005 kina jina la Bukene hadi kwenye jalada.

Duka na reli

Maduka ya Wahindi ya vijijini wakati ule yalikuwa na milango miwili, kwa namna ya kusema. Mlango wa mbele mkulima ananunua chumvi, sukari, mafuta ya taa, jembe na kaniki. Mlango wa nyuma, ghalani, mwenye duka ananunua mazao ya mkulima yuleyule: mpunga, karanga, asali, nta. Mazao yanawekwa kwenye magunia, yanapakiwa kwenye behewa, yanakwenda kuuzwa mbali ambako bei ni nzuri zaidi. Behewa likirudi, linarudi na chumvi na kaniki.

Faida ya gunia moja ni ndogo sana. Kinachojenga mtaji ni wingi wa magunia, daftari linaloandikwa kila siku, na ukweli kwamba mwenye duka ana ghala karibu na reli na mkulima hana. Mkulima anauza siku ya mavuno kwa sababu ana shida. Mwenye ghala anaweza kusubiri. Wazee wetu waliliona hilo vizuri, na walilalamikia mizani pia. Ndiyo maana wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa na Paul Bomani mbele yao, walianzisha vyama vyao vya ushirika miaka ya 1950. Hapo simsemi Chande, nasema biashara yote ilivyokuwa.

Familia ilipopanda daraja, iliacha kuuza mpunga mtupu ikaanza kuusindika. Kampuni yao, Chande Industries, ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za kusaga nafaka nchini, na Andy ndiye akawa kijana wa familia aliyeishika. Mwenye mashine ya kukoboa pale Katoro au Kahama anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa: gunia la mpunga lina bei yake, mchele una yake, na pumba nazo zina mnunuzi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa maduara, jibu la kwanza ni hilo: duka, ghala, reli na kinu, kwa miaka mingi.

Februari 1967

Sasa sikiliza sehemu ambayo wanaotuma zile meseji hawaisemi. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Siku chache zilizofuata Serikali ikazitaifisha benki, kampuni kubwa za biashara ya nje na kampuni za kusaga nafaka. Chande Industries ikiwemo. Kinu ambacho familia ilikijenga kutoka kwenye duka la Bukene kikawa mali ya umma. Nguvu za giza, kama zilikuwepo, siku hiyo zilikuwa likizo.

Wafanyabiashara wengi waliotaifishiwa mali walifunga mizigo wakaenda Uingereza au Canada, na mimi siwezi kuwalaumu. Chande alibaki. Mwalimu Nyerere alimtaka aendelee kuviendesha vinu hivyo, safari hii kama mtumishi wa Serikali, na akakubali. Vinu vikaunganishwa kuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lile NMC ambalo wazazi wetu walilijua kwa unga na sembe, naye akawa kiongozi wake. Fikiria jambo hilo kidogo. Jana unga ni wako, leo unaamka asubuhi kwenda kuusimamia kwa mshahara. Baada ya hapo alikaa kwenye bodi nyingi za mashirika ya umma, ikiwemo ya bandari, na miaka ya baadaye kwenye benki na bima.

Mguu wa Jaipur

Ningependa nikae zaidi kwenye kazi alizofanya bila mshahara, kwa sababu moja ya hizo inatugusa sana huku machimboni. Chande alikuwa mtu wa Rotary, alihusika na elimu, ikiwemo Shule ya Sekondari ya Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma mradi wa mguu wa Jaipur nchini.

Mguu wa Jaipur ni mguu wa bandia uliobuniwa katika mji wa Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960. Miguu ya bandia ya Ulaya ilitengenezwa kwa mtu anayevaa viatu na kukaa kwenye kiti. Huu wa Jaipur ulitengenezwa kwa mtu anayelima. Wayo wake ni wa mpira, una umbo na rangi ya mguu wa mtu, unakunjika. Aliyeuvaa anaweza kutembea peku, kuchuchumaa, kuingia kwenye jaruba lenye maji. Tena ni wa bei ndogo, na mradi huo uliwapa watu bure.

Huku kwetu mguu unapotea kwa njia nyingi: duara limeporomoka, bodaboda imegonga, kidonda cha kisukari kimechelewa kutibiwa. Wengi wakishatoka hospitali na magongo hudhani safari imeishia hapo. Haijaishia. Mwombe daktari wa hospitali ya wilaya au ya mkoa akuandikie rufaa ya viungo bandia. Nchini tuna wataalamu wake, na chuo chao kipo Moshi, hospitali ya KCMC.

Na hiyo Freemason?

Ndiyo, Chande alikuwa Freemason, na kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki. Hakuficha. Uvumi ulipochacha alijitokeza kwenye vyombo vya habari akaeleza kwamba chama hicho hakigawi utajiri. Freemason ni umoja wa watu wenye taratibu zao za ndani, ulioanza Uingereza. Jumuiya yao kuu ya London ilianzishwa mwaka 1717. Mwanachama ndiye anayetoa ada, na huingia kwa kujulikana na wanachama waliopo. Unaweza kuupenda au usiupende, dini yako itakuongoza. Lakini hautafuti watu kwa meseji.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mikoa yetu inajua gharama ya kuamini kwamba dhahabu inatoka kwa mganga. Kuanzia mwaka 2007 tulizika ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya imani hiyo. Tapeli wa simu anakula kwenye sahani ileile: anajua kuna mtu amechimba miezi sita hajaona kitu, na yuko tayari kusikia kwamba kuna mlango mwingine.

Ukiupata ujumbe huo usijibu na usipige. Utume kama ulivyo kwenda namba 15040, ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Utaulizwa namba ya tapeli, uiandike na kuituma. Ni bure. Kama umeshatuma hela, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako waombe waizuie, kisha nenda polisi na simu yako bila kufuta meseji hata moja.

Sir Andy Chande alifariki Nairobi mwezi Aprili 2017, akiwa na miaka 88. Kijana wa maduara hajarudishiwa hela yake. Ameripoti namba ile, na ameniomba nisimtaje, kwa sababu mama bado anaamini mpunga upo ghalani unasubiri bei ipande.