Kupata Usingizi Bila Vidonge

Usingizi huongozwa na saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Mwanga mkali, ukiwemo wa simu, huichelewesha. Ni vyema simu iwekwe kando saa nzima kabla ya kulala.

Kafeini ya kahawa na chai hukawia kutoka mwilini: nusu yake huwa bado imo baada ya takribani saa 5. Kahawa chungu iliyonywewa saa 1 usiku bado humchangamsha mnywaji saa 6 usiku.

Kuoga maji ya uvuguvugu saa 1 au 2 kabla ya kulala husaidia, kwani damu husogea kwenye ngozi na joto la ndani hushuka.

Usingizi usipokuja kwa dakika 20 hivi, afadhali kutoka kitandani, kukaa penye mwanga hafifu, na kurudi macho yanapokuwa mazito. Muhimu zaidi ni kuamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya.

Anayekosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, amwone daktari. Aliyezoea vidonge vya usingizi naye asiviache ghafla bila ushauri wa daktari.