Nili Isiyofika Kiini cha Uzi

Mtu avunjaye mawe katika machimbo ya Lugoba, kaskazini ya Chalinze kando ya barabara iendayo Segera, akivaa jinzi ileile kwa miezi kadhaa, suruali yake huanza kueleza kazi yake. Magoti hugeuka meupe kabla ya mahali pengine popote. Juu ya mapaja, pale anapopangusa mikono na kuegemeza vitu, hutokea mabaka ya buluu nyepesi. Na juu ya mfuko ambamo simu hukaa kila siku huchoreka umbo la simu. Karani wa ofisini akivaa suruali ya aina hiyohiyo atapata alama nyingine kabisa. Kwamba nguo huchakaa si jambo la kushangaza, kwani nguo zote huchakaa. Swali la kisayansi ni hili: kwa nini shati la sare ya shule aghalabu hupauka lote kwa pamoja, ilhali jinzi hupauka vipande vipande, kwa kuufuata mwili na kazi ya mvaaji?

Jibu limo katika rangi yenyewe, yaani nili. Rangi nyingi zitumiwazo siku hizi kwa nguo za pamba hushikamana na selulosi ya pamba kwa kifungo cha kemia. Rangi na uzi huwa kama kitu kimoja. Nili haifanyi hivyo. Molekuli yake, ambayo kanuni yake ni C₁₆H₁₀N₂O₂, haiyeyuki katika maji, wala haina mapenzi makubwa na pamba. Ili iingie katika uzi ni lazima kwanza igeuzwe. Katika pipa lenye alikali, kemikali kama sodiamu dithionaiti huipa nili haidrojeni, nayo hupoteza ubuluu wake, ikawa kimiminiko cha manjano kinachokaribia kijani. Katika hali hiyo huyeyuka na kuweza kupenya kidogo katika uzi. Uzi unapotolewa pipani na kukutana na oksijeni ya hewani, manjano hugeuka kijani, na kijani hugeuka buluu mbele ya macho ya mtazamaji. Nili imerudi katika hali yake ya kwanza isiyoyeyuka, na imenaswa humo.

Lakini imenaswa juujuu. Katika kiwanda uzi huchovywa na kupandishwa hewani mara sita, nane au zaidi, na kila mara tabaka jipya la rangi hulala juu ya lile la kwanza badala ya kwenda ndani. Mwalimu anaweza kulithibitisha hili darasani bila ya gharama. Chomoa uzi mmoja wa buluu kutoka katika pindo la jinzi ambayo bado ni nzito kwa rangi, uukate kwa wembe mkali, kisha utazame ncha yake kwa lenzi. Utaona duara la buluu lililozunguka kiini cheupe, mfano wa muhogo uliokatwa kabla ya kumenywa. Kila msuguano huondoa ganda kidogo, na mwishowe kiini hutokeza. Kupauka kwa jinzi, kwa hiyo, ni kumenywa kwa uzi.

Jambo la pili ni mfumo wa kitambaa. Katika kitanda cha kufumia huwa na nyuzi za namna mbili: mtande, ambao hutandazwa kwa urefu, na mshindio, ambao hupita kwa upana. Katika kitambaa cha jinzi mtande peke yake ndio hutiwa nili, na mshindio huachwa mweupe. Tena kila uzi wa mtande hupita juu ya mishindio mitatu na kuzama chini ya mmoja, hatua kwa hatua, hata ukafanyika mstari wa mshazari. Ndiyo maana jinzi ni buluu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Na ndiyo maana msuguano wa nje huuangukia mtande uliopakwa nili, si mshindio.

Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa sana habari za nili. Kabla jinzi haijafika, palikuwako kaniki, kile kitambaa cha pamba chenye buluu nzito inayokaribia weusi, ambacho kwa miaka mingi kililetwa kutoka India. Katika karne ya 19 kaniki na merikani vilikuwa ndiyo fedha ya njia ya misafara itokayo Bagamoyo: mahongo yalilipwa kwa doti, na doti moja ilikuwa yadi nne. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, mizigo ya vitambaa hivyo ilibebwa mabegani mwa wapagazi kuvuka mto Ruvu na kupita katika nchi ya Ukwere. Merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, hasa katika viwanda vya New England. Na katika pande hizohizo, katika kiwanda cha Amoskeag huko New Hampshire, kilifumwa kitambaa kilichotumiwa na Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis, waliopewa hataza ya suruali yenye misumari ya shaba tarehe 20 Mei 1873. Yaani miaka miwili tu baada ya safari ile ya Stanley. Hata neno dangirizi, ambalo baadhi ya wazee walilitumia kwa suruali za namna hii, asili yake ni India, ambako nguo nzito ya wafanyakazi iliitwa hivyo zamani kabla ya Levi Strauss kuzaliwa.

Nili ya kaniki za kwanza ilitoka katika majani ya mnili. Mwaka 1880 mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer aliitengeneza nili katika maabara, na kuanzia mwaka 1897 kampuni ya BASF iliiuza kwa wingi. Biashara ya mashamba ya nili huko India ilianguka baada ya muda mfupi. Karibu jinzi zote za leo hutiwa nili ya kiwandani. Molekuli ni ileile.

Sasa tuje Japani, nchi ambayo jina lake si geni katika maduka yetu ya nguo: katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Kijapani vilijaa katika masoko ya Afrika ya Mashariki, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia viwanda vya huko vilichapa hata kanga zetu. Wajapani nao walikuwa na nili yao tangu kale, wakiipata katika mmea mwingine usio wa jamii ya mnili. Kampuni ya Kaihara ya Hiroshima, iliyoanza mwaka 1893 kwa kufuma nguo za jadi za nili, ilitengeneza mtambo wake wa kutia rangi nyuzi za jinzi mwaka 1970. Na kampuni ya Kurabo ilitoa kitambaa cha kwanza cha jinzi cha Kijapani mwaka 1973. Ushonaji ulishika mizizi Kojima, katika mkoa wa Okayama, mji ambao kabla ya hapo ulikuwa mashuhuri kwa jambo litakalowafurahisha wanafunzi: kushona sare za shule.

Wakati huohuo viwanda vya Marekani vilikuwa vikiacha vitanda vya zamani vya kufumia na kuchukua mashine za kasi. Tofauti yake ni hii. Katika kitanda cha zamani uzi wa mshindio hubebwa na chombo kidogo chenye ncha mbili, kinachokwenda na kurudi bila ya uzi kukatwa. Kila ufikapo pembeni uzi hugeuka na kurudi, na hivyo kitambaa hujifungia ukingo wake chenyewe, kisiweze kufumuka. Mashine mpya hukata uzi kila upitapo, na pembeni hubaki mashada yanayotaka kushonewa. Kitanda cha zamani hutoa kitambaa chembamba, cha sentimita 80 hivi kwa upana, tena polepole. Mashine mpya hutoa upana unaokaribia maradufu, kwa haraka. Baadhi ya Wajapani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona kwamba upole ule ulikuwa na faida: uzi hauvutwi sana, kitambaa hubaki na vinundu, na vinundu hivyo hupauka kabla ya sehemu nyembamba, vikatoa mistari ya wima isiyo sawasawa. Msomaji akitaka kuitambua suruali ya namna hiyo katika belo la mitumba, akunje pindo la mguu na kutazama mshono wa nje. Akiona kingo mbili nyeupe zilizosafika, aghalabu zenye uzi mwekundu, ameshika nguo iliyofumwa katika kitanda cha zamani. Muuzaji asiyejua ataiuza kwa bei ya nyingine.

Wapenzi wa jinzi hizi huzitaka mbichi, yaani hazijafuliwa wala kupaushwa kiwandani. Hapa ndipo lilipo tatizo la kipimo. Nyuzi za pamba zilivutwa wakati wa kufumwa, na wanga uliotiwa kiwandani umezishikilia. Maji yakiingia, nyuzi huvimba na mvuto huachiliwa. Mtande hulazimika kupindapinda zaidi ili kuuzunguka mshindio ulionenepa, na kitambaa hurudi. Jinzi mbichi ambayo haikurudishwa kiwandani huweza kupoteza asilimia 7 hadi 10 ya urefu wake; mguu wa sentimita 85 utapungua kwa sentimita 6 hadi 8.5. Mbinu ya Mmarekani Sanford Cluett, iliyoenea katika miaka ya 1930, hukirudisha kitambaa kabla ya kushonwa, na upungufu hushuka hadi asilimia chache tu. Kwa hiyo asiyejua suruali yake ni ya aina gani asimpelekee fundi cherehani aikate kabla ya kuiloweka na kuikausha. Kiuno nacho hurudi, lakini baada ya siku chache za kuvaliwa hutanuka tena, kwa kuwa mwili hukivuta kila mtu anapoketi. Mguu haupati mvuto huo, ndiyo sababu haurefuki tena. Na mshono wa pembeni ukizunguka ukaja mbele ya goti, mvaaji asimlaumu fundi: mshazari wa kitambaa huvutika upande mmoja maji yakishaondoa wanga.

Baada ya hapo ni kuvaa. Kitambaa kigumu hukunjika mahali palepale kila siku: mbele ya nyonga hutokea mikunjo kama sharubu za paka, na nyuma ya goti mikunjo kama sega la nyuki. Mgongo wa mkunjo husuguliwa, bonde lake hukingwa. Wanaotaka alama kali hukaa miezi sita au zaidi bila kufua, kwa sababu kufua huilegeza mikunjo na kuondoa nili kila mahali. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliwahi kuvaa jinzi mbichi kwa miezi 15 bila kuifua. Bakteria walipohesabiwa, idadi yao ilikaribiana na ile ya suruali hiyohiyo iliyofuliwa kisha ikavaliwa siku 13. Jaribio hilo linapendeza, lakini Alberta si Lugoba. Katika joto na unyevu wa pwani, mwenye kuvumilia miezi 15 huenda akavumilia peke yake. Inatosha kuigeuza suruali ndani nje, kuifua kwa maji baridi na sabuni kidogo bila kuipiga juu ya jiwe, na kuianika kivulini, kwani mwanga wa jua nao huivunja molekuli ya nili.

Wako wasiotaka kungoja mwaka, na hao ndio wengi. Viwanda huwauzia alama zilizokwisha tengenezwa: kwa mawe mepesi ya volkano ndani ya mashine za kufulia, kwa kemikali, kwa miali ya leza. Mbinu moja ilikuwa rahisi kuliko zote, nayo ni kurusha mchanga kwa hewa yenye nguvu kwenye mapaja na magoti ya suruali mpya. Dakika chache zilifanya kazi ya miezi. Mchanga huo una silika, na silika ikisagika kuwa vumbi lisiloonekana kwa macho hufika mwisho wa mapafu na kukaa humo. Mapafu hujaribu kuizingira, yakafanya makovu, na kovu halipitishi hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Katika miaka ya 2000 madaktari wa Uturuki waliwakuta vijana waliofanya kazi hiyo kwa miaka michache tu katika karakana zisizo na madirisha ya kutosha, nao walikuwa na mapafu ya wachimba migodi wa miaka mingi. Baadhi yao walikufa. Uturuki ilipiga marufuku mbinu hiyo mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni za Levi Strauss na H&M zilitangaza kuiacha; lakini kazi ilihamia katika nchi nyingine.

Mwanafunzi wa Lugoba anaweza kuyaelewa haya upesi kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, maana vumbi la mawe magumu yanayosagwa kuwa kokoto lina silika hiyohiyo. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa zinazokera, si zile ndogo zinazodhuru. Kulowanisha mawe kabla ya kuyavunja husaidia zaidi, kwa sababu vumbi bichi haliruki.

Darasa likitaka kulinganisha, lichukue jinzi mbili kuukuu: moja ya mtu wa machimbo, nyingine ya mtumba iliyopaushwa kiwandani. Katika ile ya kwanza, goti la kulia na la kushoto hayafanani, kwani kila mtu ana goti alitangulizalo anapopiga magoti, na weupe wake umefifia polepole kuelekea kwenye buluu. Katika ile ya pili, mara nyingi mapaja yote mawili yana baka lenye umbo moja, kwa kimo kimoja, na mikunjo ya nyonga imechorwa mahali ambapo kitambaa chenyewe hakikunjiki mtu akiketi.