Uzamivu Unaoanzia Chumba cha Kujifungulia

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliikuta Katavi ikiongoza mikoa ya Tanzania kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Takwimu hiyo inatisha, lakini haisemi msichana mjamzito afanyiwe nini anapofika zahanati akiwa na uchungu. Jibu hilo hutafutwa na mtaalamu wa epidemiolojia, naye hasomeshwi kwa siku moja.

Mtafiti Dkt. Benjamin Kamala, kwa mfano, alifanya uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, kuhusu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kwa kawaida mkunga huinama, husikiliza, huhesabu, kisha humkimbilia mama mwingine; katikati hapo mtoto anaweza kuchoka bila mtu kujua. Kifaa kiitwacho Moyo hufungwa tumboni kwa mkanda, kikaendelea kuhesabu na kutoa ishara mapigo yanapokwenda mrama. Wajawazito waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafungwa Moyo, wengine wakasikilizwa kwa vipindi kwa kifaa cha mkononi, kisha matokeo yakalinganishwa. Moyo kiligundua matatizo mengi zaidi.

Ila kugundua si kuokoa. Ndiyo maana mpango uliofuata, wa Uzazi Salama, uliunganisha vifaa, takwimu, na mazoezi mafupi ya mara kwa mara ambayo wakunga hufanya kwa mwanasesere papo hapo kazini.

Februari 2025 Kamala na wenzake walichapisha matokeo ya mpango huo katika jarida la New England Journal of Medicine: vituo 30, mikoa mitano, jozi za mama na mtoto karibu 300,000. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 18.

Tabora, jirani wa Katavi, ilikuwamo. Katavi haikuwamo.

Ufadhili wa uzamivu upo. Muungano wa mafunzo ya utafiti wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewasomesha watafiti wengi, ila umekuwa ukiwalenga watumishi wa vyuo na taasisi wanachama. Daktari wa halmashauri hana mlango hapo. Wizara ya Afya na vyuo vyetu viufungue: nafasi za uzamivu zitengwe kwa watumishi wa mikoa kama Katavi, na swali la utafiti litoke kwenye rejesta za wodi zao wenyewe.