Kichezeo Kikifanya Kila Kitu, Mtoto Afanye Nini?

Mjini Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani, kuna jumba la makumbusho liitwalo The Strong ambalo kila mwaka huteua vichezeo vinavyostahili kuenziwa. Mwaka 2005 jumba hilo liliteua boksi tupu la kadibodi. Mwaka 2008 likateua fimbo, ile ile inayookotwa chini ya mti bila kulipiwa hata senti. Mzazi aliyewahi kumnunulia mtoto wa mwaka mmoja gari la bei mbaya, kisha akamwona analisukumia gari pembeni na kujitumbukiza ndani ya boksi lake, hahitaji kuelezwa sababu.

Kuelekea Krismasi, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, hufurika midoli: magari ya polisi yenye ving'ora, simu za plastiki zinazoimba, vinanda vinavyowakawaka taa. Unguja nako, Idi ikiingia, watoto waliopewa mkono wa Idi humiminika kwenye viwanja vya sikukuu na kurudi nyumbani wamebeba midoli mikono yote miwili. Furaha yao ni ya kweli na hakuna wa kuwanyima. Ila wiki mbili baadaye betri imekwisha, gurudumu limechomoka, na mtoto amerudia mifuniko ya sufuria.

Wataalamu wa makuzi ya watoto wana njia rahisi ya kukipima kichezeo kabla hakijanunuliwa. Wanauliza: mchezo ukianza, kazi inafanywa na nani, mtoto au kichezeo? Mdoli unaoimba, kuwaka na kutembea wenyewe umeshamaliza kila kitu, na mtoto amebakiziwa kubonyeza kitufe. Mpira, kipande cha ubao au kikombe havifanyi lolote mpaka mtoto aamue. Kwa hiyo leo kikombe ni kofia, kesho ni ngoma, na mwaka ujao ni kipimo cha kuuzia unga katika duka la kuigiza. Uimara wa kichezeo nao una maana mbili: plastiki isipasuke, na mtoto naye asikiache anapokua.

Dai hili limepimwa. Anna Sosa, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, aliwafuatilia wazazi na watoto 26 wenye umri wa miezi 10 hadi 16, wakicheza majumbani mwao huku kifaa kikirekodi sauti zao. Kila familia ilipewa seti tatu: midoli ya betri, vichezeo vya kawaida vya mbao na maumbo, na vitabu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics. Wazazi wakiwa na vitabu walisema wastani wa maneno 67 hivi kwa dakika. Wakiwa na vichezeo vya kawaida walisema 56. Midoli ya betri ilipowashwa, maneno yalishuka hadi 40, na wazazi wakawa wanawajibu watoto wao mara chache zaidi. Mdoli ulikuwa unaongea, basi mzazi akanyamaza. Kwa mtoto wa umri huo hasara ni kubwa, kwani lugha huipata kwa mtu anayemtazama usoni na kumjibu.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walianza kutembelewa na mhudumu wa afya, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa mikono: chupa za plastiki zilizogeuzwa kayamba, wanasesere wa matambara, vitabu vya picha vya kushonwa. Alikaa chini na mama na mtoto, akaonyesha namna ya kucheza na ya kuzungumza wakati wa mchezo, akakiacha kichezeo pale nyumbani, na wiki iliyofuata akakibadilisha na kingine. Baada ya takriban miaka 20 watoto hao, ambao sasa walikuwa watu wazima, walitafutwa tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 katika jarida la Science, ukiwa na Paul Gertler na mshindi wa Nobel ya uchumi James Heckman miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Ni wazi kwamba chupa ya plastiki haipandishi mshahara wa mtu. Iliwapa mama na mtoto sababu ya kukaa pamoja, na yaliyopita kati yao ndiyo yaliyozaa matunda.

Kila umri na mchezo wake

Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kadiri ya uso wa mama anayenyonyesha. Rangi hafifu za waridi na samawati ambazo watu wazima huziita rangi za kitoto hazimvutii sana. Yeye hupenda mipaka mikali, nyeusi kwa nyeupe au nyekundu kwa nyeupe. Kanga yenye maua makubwa, ikitandazwa mbele yake wakati yuko macho, inamtosha. Asilale nayo tu. Madaktari wa watoto wanashauri kwamba kabla ya kutimiza mwaka, mtoto asiachiwe nguo zilizolegea, mito wala midoli ya manyoya kitandani, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi.

Akifika miezi 6 hivi, kila anachokishika kinakwenda mdomoni, kwani mdomo ndio anaotumia kuichunguza dunia. Zawadi za umri huu ni pete kubwa za kung'ata, kayamba iliyofungwa vizuri na mpira laini. Miezi miwili au mitatu baadaye linatokea jambo alilolichunguza kwa undani mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget: mtoto anaanza kutafuta kitu kilichofichwa. Zamani kikifunikwa, kwake kilikuwa kimekwisha. Sasa anajua kipo. Ndiyo maana anaweza kutumia nusu saa nzima akitia vikombe ndani ya bakuli, akivitoa na kuvirudisha tena. Seti ya vikombe vinavyoingiana, hata vile vya plastiki vya jikoni, humfaa kuanzia hapo hadi anapofika shule ya awali, kwa kuwa baadaye atavipanga kwa ukubwa, atachotea maji, na atafinyangia mchanga.

Mwaka wa pili ni wa kutembea, kusukuma na kuvuta. Gari la mbao lenye kamba fupi au kisanduku chenye magurudumu kinapata kazi kutwa. Kati ya miezi 18 na miaka miwili mchezo wa kuigiza unachipuka: mtoto anampa mwanasesere uji, anampigia bibi simu kwa kutumia sabuni. Mwanasesere wa matambara aliyeshonwa nyumbani hapa anampita yule anayelia kwa betri, kwa sababu huyu hulia pale mama yake mdogo anapoamua alie. Vikapu vidogo, sufuria ndogo na vipande vya vitenge vitatumika mpaka miaka 6 na kuendelea, huku hadithi zikizidi kurefuka.

Oda kwa fundi seremala

Kichezeo kimoja kinastahili kutajwa peke yake: vipande vya mbao vya kujengea. Mjerumani Friedrich Froebel, mwasisi wa shule za chekechea, alianza kuvitengeneza na kuvifundishia mwaka 1837. Huko Denmark, Ole Kirk Kristiansen aliyeanza kuunda midoli ya mbao mwaka 1932 ndiye aliyeanzisha kampuni ya LEGO, na matofali yake ya plastiki yaliyoombewa hataza mwaka 1958 bado yanashikana na yanayotoka kiwandani leo. Babu na mjukuu wanaweza kujenga nyumba moja kwa matofali ya vizazi viwili. Toleo la watoto wadogo, DUPLO, lilikuja mwaka 1969; tofali lake ni kubwa mara mbili kwa kila upande ili lisimezeke.

Kwa familia za Afrika Mashariki seti hizo ni ghali, lakini si lazima kuzinunua. Mwalimu Caroline Pratt wa New York alibuni mapema katika karne ya 20 vipande vya ubao mtupu ambavyo shule za awali zinavitumia mpaka sasa, na siri yao iko katika vipimo. Kipande cha msingi kina unene wa sentimita 3.5, upana wa 7 na urefu wa 14. Kila kipimo ni mara mbili ya kilichotangulia. Nusu yake ina urefu wa 7, na kipande maradufu kina 28. Mtoto anayejenga ukuta na kuishiwa vipande virefu hugundua kwamba viwili vifupi vinaziba nafasi ile ile. Hajui kama ameshika sehemu na hesabu. Anachojua ni kwamba ukuta umekamilika.

Karakana za seremala, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi Gikomba jijini Nairobi, zina mabaki ya mbao kila siku. Fundi apewe vipimo hivyo na aombwe vipande 30 au 40 kwa kuanzia. Mtiki na mkongo ni mbao ngumu na zinadumu. Paini ni nafuu na nyepesi, ila inahitaji msasa zaidi ili isitoe vibanzi. Kona zote zizungushwe. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zikataliwe kabisa, na vipande visipakwe rangi wala vanishi. Rangi nyingine bado zina madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama, na hapa anayelamba ni mtoto.

Baada ya mbao, kitabu. Mtoto wa mwaka mmoja hasomi. Anaonyesha kwa kidole na kusubiri aambiwe. Kitabu cha kurasa ngumu zenye picha kubwa ya kuku, ndizi au baiskeli kinamtosha, na kama hakipatikani, picha zilizoshonewa ndani ya mifuko ya plastiki laini, kama vile vitabu vya Jamaika, hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa wanaokaribia shule, vipo vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili yao, vikiwamo vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991, na vya wachapishaji kama Mkuki na Nyota.

Simu na kompyuta kibao nazo siku hizi hufungwa kama zawadi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauna mafumbo: mtoto wa mwaka mmoja kushuka chini asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Vingi havizidishi mchezo

Shangazi, wajomba na majirani wote wakileta, mtoto hujikuta amezungukwa na rundo. Katika Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani, watafiti waliwaweka watoto 36 wa umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili na nusu katika chumba chenye vichezeo 4, na wakati mwingine 16. Penye vinne, watoto walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018. Dawa yake ni kuficha: vinne au vitano vibaki sakafuni, vingine viingie kabatini, na baada ya wiki mbili vibadilishane. Vilivyotoka kabatini hupokewa kama vipya.

Hatari zilizomo ndani ya zawadi

Viwango vya usalama vya kimataifa hutumia silinda ndogo yenye upana wa sentimita 3.17. Kitu chochote kinachoingia chote ndani yake hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani hutumika bomba la kadibodi linalobaki tishu ya chooni inapoisha: lina upana wa takriban sentimita 4, kwa hiyo linaacha nafasi ya ziada ya usalama. Macho ya mdoli, magurudumu na vifungo vivutwe kwa nguvu dukani. Kinachochomoka mkononi mwa mtu mzima kitachomoka kinywani mwa mtoto.

Kibaya kuliko vyote ni betri bapa za duara, zile za rimoti, kadi zinazoimba na midoli ya taa. Betri hiyo ikikwama kooni huanza kupitisha umeme kwenye majimaji ya mwili, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza umio vibaya. Mtoto anayeshukiwa kumeza betri apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asitapishwe. Midoli ya aina hiyo inunuliwe pale tu ambapo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Sumaku ndogo zenye nguvu na shanga zinazovimba kwenye maji zisiingie nyumba yenye mtoto mdogo. Maputo nayo yapulizwe na wakubwa, na vipande vya lililopasuka viokotwe mara moja.

Bajeti ikibana, mpira mmoja, kitabu kimoja na mfuko wa vipande vya mbao vinatosha kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi sita. Wanaotaka vipande hivyo wasingoje wiki ya mwisho, kwani kuelekea sikukuu mafundi seremala huwa na oda nyingi za vitanda na makochi. Waagize mwezi mmoja kabla, waende wenyewe na vipimo vimeandikwa, na kabla ya kulipa wapitishe kiganja kwenye kila kipande kuhakikisha hakina kibanzi.