Kazi za Kliniki ya Meno Zinazofanyika Mbali na Kiti

Katika kliniki ya meno kuna kazi zisizofanyika ila mgonjwa awe kitini na mdomo wazi: kuchoma ganzi, kusafisha tundu, kuziba, kung'oa. Kazi nyingine, tangu kupokea simu hadi kudai malipo ya bima, zilifanyika hapo hapo kwa sababu tu daftari na mafaili yalikuwa hapo. Jijini Kampala sababu hiyo inazidi kupungua nguvu, na kazi hizo zinaanza kuhama.

Anayepata nafuu ya kwanza ni msaidizi wa daktari. Kwenye kliniki ndogo ya Ntinda au Kabalagala mtu mmoja hushika mrija wa kunyonya mate, huosha na kuchemsha vifaa, kisha hukimbilia mapokezi simu inapolia, pengine glavu zikiwa bado mkononi. Simu ikipokewa na mtu mwingine aliye nyumbani kwake Mukono au Entebbe, akiiona ratiba ile ile kwenye skrini, msaidizi hubaki na kazi moja, na usafi wa vifaa hautegemei tena kama siku ile ina simu nyingi au chache. Faida hii haitajwi sana na wauzaji wa programu, ingawa huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Kilichofungua njia hakikuwa programu ya meno. Ilikuwa simu ya mkononi. MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na baadaye kliniki zikaweza kupokea kianzio kabla mgonjwa hajafika. Kutibu mzizi wa jino huchukua saa nzima au zaidi. Mgonjwa akikwama kwenye foleni ya magari Jinja Road, au akiamua kutokuja kwa kuwa maumivu yametulia, saa hiyo ya kiti imepotea. Aliyekwisha kulipa sehemu ya gharama hujitahidi kufika, au angalau hupiga simu mapema nafasi ikapewa mwingine.

WhatsApp ilikuja juu ya msingi huo. Mwaka 2020 iligeuka kutoka kitu cha urahisi kuwa kitu cha lazima: Machi mwaka ule Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, kisha magari binafsi, ili kuzuia Korona, na Agosti Shirika la Afya Duniani likashauri matibabu ya meno yasiyo ya haraka yaahirishwe palipokuwa na maambukizi katika jamii. Wagonjwa walipaswa kuchujwa wakiwa kwao, kwa picha na maswali. Uchujaji huo ulibaki hata barabara zilipofunguliwa.

Hapa ndipo mfanyakazi wa mbali anapoweza kuokoa au kuponza. Picha huonyesha jino lililovunjika, lakini haionyeshi jino linalouma likigongwa. Kwa hiyo anayejibu ujumbe huhitaji maswali yaliyoandikwa na daktari: uvimbe umeshuka chini ya taya? Mdomo unafunguka? Mate yanamezeka? Kuna homa? Mtu mwenye dalili hizo hapangiwi Alhamisi. Huelekezwa Mulago au hospitali nyingine kubwa saa hiyo hiyo, kwani usaha wa jino ukienea shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Mpokeaji asiye na orodha hiyo ataona nafasi iliyo wazi kwenye ratiba na kuijaza, naye atadhani ametoa huduma nzuri.

Bima nayo imesogeza kazi nyingi kwenye skrini. Mgonjwa anayelipiwa na mwajiri hutoa kadi mapokezi na kuhakikiwa. Kama ni kuziba tundu dogo, mambo huishia hapo. Kama ni kofia ya jino au tiba ya mzizi, mara nyingi kampuni hutaka kuidhinisha kwanza: daktari hupiga eksirei, picha hutumwa pamoja na makadirio ya gharama, kisha jibu husubiriwa. Mfanyakazi wa mbali anayefuatilia maombi siku mbili kabla ya miadi humwepusha mgonjwa na kusubiri benchini, na humwepusha daktari na kishawishi cha kuanza kazi ambayo hatalipwa.

Kati ya daktari na fundi wa meno mabadiliko ni ya kina zaidi. Kwa njia ya zamani, kipimo cha kofia huchukuliwa kwa trei yenye silikoni. Ikishaganda hutolewa na kupelekwa kwa bodaboda hadi maabara, ambako fundi humimina plasta. Fundi akikuta ukingo wa jino haukushika vizuri, mgonjwa huitwa tena. Kwa skana, fimbo nyembamba hupitishwa juu ya meno ya juu, ya chini, kisha yakiwa yameumana. Taswira hujengeka kwenye skrini, na mahali palipofifia hurudiwa mgonjwa akiwa bado kitini. Faili likikamilika, mbunifu aliye Nairobi au Dubai anaweza kuchora kofia, na mashine iliyo Kampala ikaichonga kwa zirkonia.

Lakini faili la STL, linalotumika sana katika kazi hii, hubeba umbo bila rangi. Ubao wa rangi wa VITA uliozoeleka una rangi 16, na mbunifu wa mbali hana namna ya kuchagua mojawapo. Ni lazima daktari aweke kipande cha rangi kando ya jino, apige picha kwenye mwanga wa mchana, na afanye hivyo mwanzoni kabisa mwa kazi, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Skana zenyewe ni za maelfu ya dola, hivyo madaktari wengi wanaendelea na trei, na baadhi ya maabara huiingiza plasta kwenye skana ya mezani. Mfumo huo nusu kwa nusu hauna ubaya wowote.

Kazi pia inaingia Kampala kutoka nje. Kliniki za Marekani kwa miaka mingi zimeajiri watu wa Ufilipino kushughulikia miadi na bima, na kupitia majukwaa kama Upwork mlango huo uko wazi hata kwa Waganda. Kliniki ya Chicago inayofungua saa mbili asubuhi hufungua Kampala ikiwa saa kumi jioni, au saa kumi na moja wakati wa baridi kule, kwa hiyo zamu humalizika usiku wa manane. Sehemu kubwa ya zamu huenda katika kuuliza bima: kikomo cha mwaka, ambacho mara nyingi ni kati ya dola 1,000 na 2,000, kimebaki kiasi gani, na usafishaji wa meno unaruhusiwa mara ngapi. Kila tiba ina namba yake; D1110 ni usafishaji wa mtu mzima, D2740 ni kofia ya kauri. Namba moja ikikosewa, dai hurudi.

Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inaweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la taarifa za pekee. Kuzitoa nje ya nchi kunahitaji zinakokwenda kuwe na ulinzi unaolingana, au mwenyewe aridhie. Kliniki inayohifadhi eksirei kwenye seva za ng'ambo, au inayomtumia mbunifu wa Dubai faili lenye jina la mgonjwa, imeingia ndani ya sheria hiyo hata kama haijui. Namba badala ya jina ingeondoa sehemu kubwa ya hatari, na haina gharama. Leseni haikubadilika: Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno humsajili daktari, na ndiye anayejibu kosa likitokea, aliyepokea simu awe chumba cha pili au mji wa pili.

Gharama ya intaneti ina historia yake. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa WhatsApp na Facebook, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 kwa data. Huduma za tiba zilisamehewa ushuru huo, ingawa mpokea simu anayenunua bando kwenye kibanda cha mtaani hana pa kuonyesha kwamba bando lake ni la tiba. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Kliniki iliyokuwa imechapisha orodha ya miadi ya juma iliweza kumwita mgonjwa aliyefuata. Iliyokuwa na kila kitu mtandaoni ilikuwa na daktari, kiti na vifaa, bila kujua nani anakuja saa ngapi.