Namba Si Kadi, na Kadi Si Simu



Simu ya mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, ikidumbukia ndani ya duara lililojaa maji, anachokihofia kwanza si simu bali namba. Kwa namba hiyo mkewe aliyeko Shinyanga humpata, na kwa namba hiyo fedha huingia. Basi huenda kwa wakala, huthibitishwa kwa alama za vidole, hupewa kadi mpya, na namba inabaki ile ile. Je, kompyuta za kampuni zimejuaje kuwa kadi hii ngeni ni ya mtu yule yule?

Tutazame daftari la madrasa. Ustadhi huandika jina la mwanafunzi, juzuu aliyopewa na sura aliyofikia. Juzuu ikipotea hupewa nyingine, wala harudishwi kwenye alifu, kwa sababu daftari limetenganisha mtu, kitabu na mahali alipofika, kisha likaviunganisha. Lau jina lingeandikwa kwenye jalada la juzuu tu, kupotea kwa juzuu kungempoteza na mwanafunzi.

Wataalamu wa programu za simu nao huanza hivyo: huchora vitu vyote vya mtandao na uhusiano wake. TM Forum, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za mawasiliano, ina mchoro uitwao SID. Humo rasilimali ziko mafungu mawili: zinazoshikika, kama mnara, waya na kadi, na zisizoshikika, kama namba na masafa ya redio. Ndani ya kadi imo namba nyingine, ndefu, ambayo hakuna anayeipiga. Kwa Tanzania huanza na 640. Mtandao huitambua kadi kwa hiyo. Mchimbaji wetu alipopewa kadi mpya, kompyuta ilikata kamba kati ya namba yake na 640 ya zamani, ikaifunga kwa mpya. Basi.

Zamani tarakimu za mwanzo zilitaja kampuni: 0754 Vodacom, 0784 Celtel. Celtel ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, namba zikabaki. Mtihani wenyewe ulikuja Machi 2017, TCRA iliporuhusu mteja kuhama kampuni bila kubadili namba. Tangu hapo 0754 yaweza kuwa ya mteja wa Airtel. Programu inayotazama tarakimu za mwanzo tu yaweza kuipeleka simu pasipo mwenyewe. Sharti kwanza iulize namba hii sasa iko kampuni gani. Lakini fedha za M-Pesa hazihami na namba, kwani akaunti ni kitu kingine, na kamba yake imefungwa kwa kampuni.

Pagumu ni hapa. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yaweza kupewa mtu mwingine, kwa kuwa namba zina idadi. Aliyekwenda porini miezi mingi aweza kurudi akakuta namba yake iko kwa mtu wa Kahama. Kampuni hukata kamba zilizomo katika daftari lake: jina, kadi, akaunti. Daftari la benki au la chama cha akiba hailigusi. Humo namba bado ni ya mchimbaji, na ujumbe wa fedha zake utalia mfukoni mwa mtu wa Kahama mpaka yeye mwenyewe aende benki kuibadilisha.