Wamama, tusiogope kamera

Juma hili hatuongei juu ya sabuni wala mboga. Tunaongea juu ya kamera, ile aparei ya picha yenye filimu ambayo kikundi chetu kilipewa, ikakaa kabatini miezi mingi kwa sababu kila mmoja aliogopa kuiharibu.

Ilitumwa na binti wa mama mmoja wetu anayeishi Ubelgiji. Ni Canon EOS 300, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Kitabu cha maelezo hakikufika pamoja nayo. Filimu ya kwanza tuliinunua kwa pesa za likelemba, na tarehe 8 Machi tukaitoa. Tulivaa kitenge chetu cha sare, tukasimama uwanjani mwa parokia, tukaanza na mama aliyetuzidi wote umri. Ndivyo heshima inavyotaka.

Tulipomaliza picha ya 19, mmoja wetu (hatumtaji jina, lakini kalamu hii inamfahamu vizuri) alitaka kujua filimu imebaki kiasi gani. Akafungua mlango wa nyuma. Filimu ikaonekana imetandazwa, jua likiipiga. Wamama wakapiga kelele, mlango ukafungwa haraka, kamera ikanguruma kidogo, kisha kimya. Tulirudi nyumbani kama watu waliopoteza ng'ombe.

Tulimpelekea fundi wa picha mjini. Alibonyeza kitufe kidogo, filimu ikarudi katika kikebe chake, akaitoa na kuisafisha. Picha mbili za mwisho zilikuwa zimeungua kwa mwanga. Zile za kwanza zilikuwa nzima.

Majuma machache baadaye, yule mama mkubwa alituacha. Nyumbani kwake watoto walikuwa na picha yake moja tu, ile ya kadi ya mchaguzi, ndogo na yenye giza. Picha yetu ya tarehe 8 Machi ndiyo iliyowekwa mezani siku ya matanga. Tangu hapo tumeamua kwamba kila mama wa kikundi atajua kushika kamera hii. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwa nini filimu ile iliokoka

Mara unapofunga mlango, kamera hii huvuta filimu yote kutoka kikebeni na kuizungusha upande wa pili. Kisha kila picha inayopigwa inarudishwa ndani ya kikebe, mahali pasipo mwanga. Ndiyo sababu namba kwenye kioo kidogo cha juu inapungua: inaonyesha picha zilizobaki, si zilizopigwa. Mlango ulipofunguliwa, picha zetu nyingi zilikuwa tayari zimejificha. Iliyoharibika zaidi ni sehemu ambayo haijapigwa.

Lakini tusijidanganye. Kamera nyingi nyingine hufanya kinyume: picha zilizokwisha kupigwa ndizo zinazokaa nje ya kikebe. Ukifungua mlango, umepoteza kazi ya siku nzima. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni moja kwa kamera zote: usifungue mlango wa nyuma mpaka filimu imerudi yote. Ikifika mwisho, kamera yetu huirudisha yenyewe, na alama ya kikebe huanza kuwaka na kuzimika. Ukitaka kuitoa kabla ya mwisho, bonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha, ungoje injini inyamaze.

Kuweka betri na filimu

Kamera hii haitembei bila betri. Inatumia mbili ndogo za aina ya CR2, kila moja volti 3. Mabuye ya tochi hayaingii humo, tusilazimishe. Kabla ya harusi au ubatizo, angalia alama ya betri siku moja mbele, maana CR2 hazipatikani kila duka.

Filimu iwekwe kivulini, chini ya baraza au hata chini ya kitenge. Fungua mlango, weka kikebe mahali pake, vuta ulimi wa filimu mpaka kwenye alama ya rangi ya machungwa, ulale sawa, kisha funga. Usiguse kwa kidole yale mapazia membamba yaliyo katikati; ni laini kama bawa la panzi. Ukisikia injini ikivuta na kuona namba 24 au 36, filimu imeshika. Alama ya kikebe ikiwaka na kuzimika, haikushika: fungua, anza upya.

Juu ya kikebe imeandikwa 100, 200 au 400. Hiyo ni nguvu ya filimu kuona mwanga. 100 inafaa jua kali. 400 inafaa siku ya mawingu, kanisani na nyumbani. Kamera inaisoma namba hiyo yenyewe kwa miraba ya rangi ya fedha iliyo ubavuni mwa kikebe. Kwetu Bukavu, ambako asubuhi inaweza kuwa jua na saa nane mvua, 200 au 400 inatusaidia zaidi.

Alama za kuchagua

Juu ya kamera kuna gurudumu lenye alama. Herufi L ni kuzima. Rudisha hapo kila mara, la sivyo mtoto atabonyeza na filimu itakwisha. Mraba wa kijani ni wa kuanzia: kamera inapima mwanga, inatafuta umbali, na ikiona giza inainua flashi yenyewe. Kichwa cha mtu ni kwa picha ya mtu mmoja au wawili, na nyuma yao panalainika. Mlima ni kwa mandhari. Ua ni kwa kitu cha karibu. Mkimbiaji ni kwa watoto wanaocheza, lakini ukiendelea kubonyeza kamera inapiga mfululizo, na kila mlio ni pesa. Mtu mwenye nyota ni kwa usiku. Herufi nyingine tuziache kwanza. Mtoto hasomi insha kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Bonyeza mara mbili katika mara moja

Ndani ya kamera hii kuna kijioo kinachokuonyesha kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Unachokiona ndicho filimu itakachokiona, karibu chote. Ukibonyeza, kijioo kinapanda na mbele ya jicho panakuwa giza kidogo. Usishtuke.

Kosa letu kubwa lilikuwa kubonyeza kwa nguvu kama anayeua mbu. Kitufe kina hatua mbili. Hatua ya kwanza, bonyeza nusu na ungoje: lenzi inazunguka, kidoa cha kijani kinawaka chini ya kidirisha. Kikitulia, umbali umepatikana. Hatua ya pili, malizia polepole. Kidoa kikiwaka na kuzimika, kamera haijaona vizuri: labda uko karibu mno, au unaielekeza kwenye ukuta usio na alama. Sogea, jaribu tena. Viwiko vibane mbavuni, pumzi ishikwe kidogo.

Sasa zoezi la juma hili, lisilogharimu chochote. Kamera inakubali kubonyezwa bila filimu. Kila mama aishike, abonyeze nusu mara kumi, akitaja kwa sauti kidoa kinapowaka. Baada ya zoezi hilo kikundini, hata mama aliyesema mikono yake imezoea jembe tu alishika kamera bila kutetemeka.

Nyuso zetu na mwanga

Hapa ndipo kamera inapohitaji akili yetu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, haijui nani ni mtu muhimu. Ukimweka mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya ziwa la Kivu linalong'aa, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unatoka kama kivuli. Wengi tumeona picha hizo: gauni linaonekana, maji yanaonekana, mwenyewe hajulikani.

Dawa ni tatu. Kwanza, geuza watu: mwanga uwapige usoni au ubavuni, wewe mpigaji ndiye jua likupige mgongo. Pili, ukikosa nafasi ya kugeuza, tumia flashi hata mchana, ukiwa karibu. Inaangaza uso na kufuta vivuli vya macho. Tatu, kimbia jua la saa sita, linalochimba mashimo meusi machoni. Asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri, au chini ya kivuli cha mti wa avoka, nyuso zinatoka laini.

Flashi ya kamera hii ni ndogo. Kwa filimu ya 400 inafika mita 4 hivi. Zaidi ya hapo inachoka. Ukiwa nyuma kanisani ukamulika padri aliye altareni, umemulika visogo tu. Omba ruhusa, sogea mbele.

Tusogee pia kwa sababu nyingine. Anayeanza husimama mbali mno, na mtu anatoka kama punje ya mchele. Tunajua kwetu mtu hapendi picha isiyoonyesha viatu, hasa kama ni vipya. Basi piga moja mwili mzima, kamera ikisimamishwa wima, kisha songa hatua mbili na upige ya uso. Siku ya matanga, hakuna aliyeuliza viatu viko wapi. Waliutafuta uso.

Na wewe mpigaji je? Mara nyingi mama anayepiga picha hayumo katika picha yoyote. Kamera ina kichelewesho cha sekunde 10. Iweke juu ya meza imara, elekeza kwa wenzako, washa, kimbilia nafasi yako.

Kutunza

Kiangazi kinaleta vumbi, masika yanaleta unyevu, na unyevu unaotesha ukungu ndani ya lenzi. Kamera isilale chini sakafuni wala karibu na mbabula. Itiwe katika sanduku kavu, itolewe mara kwa mara kivulini ipate hewa. Lenzi isipanguswe kwa pindo la kitenge: vumbi linakwaruza. Pulizia kwanza, kisha pangusa polepole kwa kitambaa laini kilicho safi.

Filimu iliyopigwa ipelekwe kusafishwa mapema, isiachwe kwenye joto. Andika tarehe na shughuli kwenye bahasha. Na negativu tuzihifadhi kama tunavyohifadhi vyeti vya watoto, kwani picha ikipasuka au kuchukuliwa na wageni, negativu itazaa nyingine.

Neno la tahadhari pia: tusielekeze kamera kwa askari, vizuizi, madaraja wala mpakani. Na tusimpige mtu picha bila kumwuliza, hasa mgonjwa au mama aliye katika shida.

Kamera sasa ina daftari lake. Kila mama ataandika siku aliyoichukua, filimu ilibaki ngapi, na siku aliyoirudisha. Orodha ya kwanza tumekubaliana iwe ya wazee wetu: kila familia itapata nafasi mbili za filimu, moja ya mwili mzima na moja ya uso. Familia zitachanga bei ya kusafisha kidogokidogo. Anayetaka kujifunza aje mkutanoni juma lijalo, kamera itakuwa mezani, bila filimu, na mlango wa nyuma mtaruhusiwa kuufungua mnavyotaka.